Kabla Chakula Hakijafika Chunguni

Njia ya mkaguzi wa chakula wa serikali, kutoka darasani hadi machinjioni

Ndugu msomaji, unapokwenda buchani kununua kilo moja ya nyama, hutazama mafuta, hutazama mfupa, kisha huitazama mizani ili usipunjwe. Ni wachache mno wanaoutazama muhuri wa wino uliopigwa pajani mwa ng'ombe yule. Hata hivyo, muhuri ule mdogo ndio unaotuwezesha kula na kulala bila hofu. Nyuma yake yuko mtu aliyeamka kabla ya jogoo kuwika, akavaa koti jeupe na buti za mpira, akamchunguza mnyama akiwa hai na akamchunguza tena akiwa amechinjwa. Mtu huyo wananchi humwita Bwana Afya, na siku hizi Mabibi Afya nao si haba. Makala hii yaeleza jinsi anavyofunzwa, na kwa nini kazi yake yatuhusu sisi sote, hasa tuishio katika makambi na laini za askari, ambako sufuria moja hulisha watu mia.

Nina sababu yangu ya kuandika. Mimi nilizaliwa na kulelewa katika laini za askari, baba yangu akiwa koplo. Nilipokuwa na umri wa miaka minane ilifanyika karamu ya kumpokea mwenzao aliyerudi kutoka masomoni. Kina mama walikusanyika usiku wa kuamkia siku ile, wakapika kuku wengi, wakachambua nyama kutoka mifupani kwa mikono, wakaitia katika sufuria kubwa na kuifunika kwa majani ya migomba. Sufuria ililala kando ya mafiga hadi asubuhi. Mchana nyama ilipashwa moto, ikapakuliwa pamoja na wali. Watu walikula saa saba. Ilipofika saa kumi, uwanja mzima ulikuwa watu wanatapika. Zahanati ya kambi ilijaa, na mtoto mmoja mchanga alilazwa siku tatu akitiwa maji mishipani.

Jioni ile yakaanza maneno. Alikuwako mama mmoja, mgeni katika laini zetu, wa kabila la mbali, aliyeleta mchuzi wa karanga. Watoto wake hawakuugua hata mmoja. Basi watu wakasema, "Huyu ametia kitu." Usiku wa pili mlango wake ulipigwa mawe. Mumewe, askari mwaminifu, alianza kufunga mizigo.

Siku ya tatu alikuja Bwana Afya kwa baiskeli. Hakumkemea mtu. Aliketi chini ya mwembe, akachora mistari katika daftari, akamwita kila mtu mmoja mmoja na kumwuliza: ulikula nini, ulikula saa ngapi, uliugua saa ngapi? Alipomaliza aliwasomea wakubwa hesabu yake. Waliokula mchuzi wa karanga na matoke peke yake, wote walikuwa wazima. Waliokula kuku, wengi waliugua, hata wale ambao hawakuugusa mchuzi wa karanga. Watoto wa yule mama walichelewa kufika, wakakuta kuku amekwisha, wakala matoke kwa mchuzi wa mama yao. Kuchelewa kwao ndiko kulikowaokoa. Mzigo uliokuwa umefungwa ukafunguliwa.

Nakumbuka nilijiuliza: mtu huyu amejifunza wapi kuuona ukweli kwa kalamu na daftari tu? Miaka ilipita, nikapata cheti cha ualimu, nikafundisha shule ya msingi, kisha nikahamia utumishi wa wilaya. Hapo ofisini nilikutana na wakaguzi kila siku, nikapata jibu la swali langu la utotoni.

SI MTU MMOJA

Kwanza tuondoe kosa moja. Wengi hudhani kwamba mkaguzi wa chakula ni afisa mmoja mwenye kazi moja. La hasha. Hapa Uganda kazi hii imegawanywa. Afisa wa afya ya mazingira, ndiye Bwana Afya wetu, hukagua hoteli, maduka, masoko, jiko la shule na kantini ya kambi, maji na vyoo. Daktari wa mifugo na wasaidizi wake huangalia wanyama na nyama. Mkaguzi wa samaki hukaa mwaloni na viwandani. Idara ya Viwango ya Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1983 na kuanza kazi mwaka 1989, husimamia viwango vya bidhaa za viwandani na zile ziingiazo mipakani.

Vyuo navyo ni mbalimbali. Anayetaka kuwa Bwana Afya aweza kwenda Chuo cha Usafi kilichoko Mbale, mji ulio chini ya Mlima Elgon, au kusomea shahada ya sayansi ya afya ya mazingira katika Chuo Kikuu cha Makerere. Makerere ndiko pia wanakofunzwa madaktari wa mifugo. Chuo cha Uvuvi kiko Entebbe, kando ya Ziwa Victoria. Milango yote hiyo yataka kijana aliyeshika vizuri masomo ya sayansi, hususan baiolojia na kemia. Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha pili au cha tatu anayependa kazi hii na amhimize mapema katika masomo hayo, maana sayansi iliyotupwa katika kidato cha tatu haiokotwi katika kidato cha sita.

Darasani mwanafunzi hujifunza juu ya vijidudu visivyoonekana kwa macho, jinsi vinavyozaana na joto linaloviua. Hufunzwa magonjwa yatokayo kwa wanyama na kuwaingia watu. Hufunzwa kupima maji, kusoma ramani ya jengo ili ajue kama jiko lina mlango wa kupitishia taka mbali na chakula, na kufanya hesabu za takwimu kama ile ya Bwana Afya wa baiskeli. Halafu hufunzwa sheria, kwa kuwa mkaguzi asiyejua mipaka ya mamlaka yake ni hatari kwa wananchi kama alivyo askari asiyejua kanuni za bunduki yake.

MACHINJIONI ALFAJIRI

Lakini kazi hii haijulikani kwa kitabu pekee. Mwaka uliopita niliombwa na ofisi yangu kufuatana na wanafunzi waliokuja wilayani kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Mmoja wao alikuwa binti wa askari polisi, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, mpole wa maneno. Alikuwa chini ya mkaguzi mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu.

Ukaguzi huanza mnyama akiwa angali hai. Jioni ya kuamkia siku ya kuchinja, ng'ombe huwekwa zizini wapumzike na kunywa maji. Mkaguzi hupita akiwatazama wakiwa wamesimama, kisha wakitembea. Yupi anachechemea? Yupi anapumua kwa shida? Yupi amejitenga na wenzake? Anayetiliwa shaka hupimwa joto. Joto la ng'ombe mzima hucheza katika nyuzi 38 na nusu za Selsiasi. Likizidi sana hachinjwi.

Hatari kuu inayotafutwa hapa ni kimeta. Ng'ombe aliyekufa ghafla, damu isiyoganda ikimtoka puani na nyuma, asipasuliwe kamwe wala asichunwe, kwa kuwa vijidudu vya kimeta vikipata hewa hujifanyia ganda gumu na kuweza kuishi ardhini miaka mingi. Msomaji asidhani hii ni hadithi. Mwishoni mwa mwaka 2023 kimeta kilizuka wilayani Kyotera, na watu wakapoteza maisha baada ya kuchuna au kula ng'ombe waliojifia. Mwanzoni walikuwako waliodhani kwamba vidonda na uvimbe ule ni ushirikina. Nyama ya bure ya mnyama aliyejifia ndiyo ghali kuliko zote.

Baada ya kuchinja, kisu huingia kazini. Nilimtazama yule binti akifuata mpango aliofunzwa bila kuruka hatua. Kichwa kwanza: alipasua misuli ya mashavu akitafuta vilengelenge vidogo vya mnyoo tegu, kisha akashika ulimi na kuuminya. Akapasua tezi za shingo. Akaenda kwenye mapafu, akayapapasa yote kwa vidole kabla ya kukata, kwani kidole huona kivimbe ambacho jicho halikioni. Akafungua moyo. Akakata mishipa ya nyongo katika ini, humo mnyoo wa ini hujificha, bapa kama jani. Akatazama wengu kama umevimba na kuwa mweusi. Akamaliza kwa figo. Mkaguzi huwa na visu viwili au zaidi, na kila kilichogusa ugonjwa hutiwa katika maji yachemkayo kabla ya kugusa nyama nyingine.

Nguruwe naye, kwa wale wamlao, ana hatari yake. Mtu akila nyama yake yenye vilengelenge pasipo kuiva sawasawa, hupata mnyoo tegu tumboni. Mayai ya mnyoo huyo hutoka chooni. Yakimrudia mtu kwa mikono michafu au kwa mboga iliyonyunyiziwa maji machafu, aweza kupata vilengelenge hivyo katika ubongo na kuanguka kifafa. Hivyo mapambano dhidi ya kifafa cha aina hiyo huanzia machinjioni na chooni.

"KISU NI CHAKO"

Asubuhi ya siku ya nne alichinjwa fahali mmoja mkubwa, mwenye umbo la kupendeza. Nilipomwona nilijua atapata mnunuzi mara moja. Yule binti alipopapasa mapafu, mkono wake ulisimama. Alikata. Ndani ya tezi za mapafu mlikuwa na usaha mkavu kama jibini, na kisu kilipopita kilitoa sauti kama kinakata mchanga. Akatazama ini: vivimbe vilevile. Akatazama upande wa ndani wa mbavu: vimetapakaa kama shanga. Ulikuwa kifua kikuu, na kilikuwa kimeenea mwili mzima.

Ugonjwa ukiwa katika kiungo kimoja, mkaguzi aweza kutupa kiungo hicho na kuacha kilichobaki. Ukienea, mwili wote hauna ruhusa kuliwa.

Mwenye fahali alikuwa mzee wa bucha, mtu maarufu pale sokoni. Alikuwa amemnunua kwa fedha za mkopo. Alisogea, akavua kofia.

"Mwanangu," alisema, "tupa mapafu, tupa ini. Niachie mapaja. Nyama ikichemka sana kuna ugonjwa gani utakaobaki?"

Binti alimgeukia mkaguzi mzee kana kwamba anaomba msaada. Mzee yule hakusema ila maneno matatu: "Kisu ni chako."

Palikuwa kimya. Wachinjaji waliacha kazi. Mimi mwenyewe, nakiri, moyo wangu ulikuwa upande wa mzee wa bucha, maana nilimfikiria na deni lake. Yule binti aliinamisha kichwa kwa heshima, akasema, "Mzee wangu, nisamehe. Mimi sijui nani atakayeipika vizuri na nani atakayeipika vibaya. Na wewe hujui. Nyama hii haitoki."

Mzee alisema mengine kwa sauti ya chini, akaitia mkono mfukoni. Binti alirudi nyuma hatua moja, akamwita mkaguzi mkuu asogee asikie. Mkono ukatoka mfukoni mtupu. Nyama ile ilikatwa vipande, ikamwagiwa rangi na mafuta ya taa ili mtu asiifukue, ikazikwa katika shimo refu pamoja na chokaa. Mzee hakulipwa chochote, naye alikwenda zake bila kuaga.

Jioni nilimwuliza binti kama alilala usingizi siku za namna hiyo. Akanijibu kwamba baba yake, akiwa polisi wa barabarani, alimwambia jambo moja alipokuwa anakwenda chuoni: mtu wa kwanza utakayemwonea huruma kinyume cha sheria ndiye atakayewaita wengine wote. Nikakumbuka methali ya wazee wetu: mchelea mwana kulia hulia yeye.

Lakini haki itendwe kwa pande zote. Wiki iliyofuata mkaguzi mzee alimfuata mwenye bucha nyumbani kwake, akamfundisha kumwita daktari wa mifugo amchunguze ng'ombe kabla ya kutoa fedha. Siku ya mwisho ya mafunzo nilimwona yule mzee sokoni, amesimama na ng'ombe wawili, anamngoja daktari. Kumwadhibu mtu kwa kosa ambalo hakuonyeshwa namna ya kuliepuka ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kufundisha, na hapo mkaguzi ni ndugu yake mwalimu.

ZIWA LILIPOFUNGWA

Wako wasemao kwamba ukaguzi ni kikwazo cha biashara. Historia ya samaki wetu yaonyesha kinyume. Mwaka 1997 nchi za Hispania na Italia zilikataa sangara wa Ziwa Victoria baada ya kukuta vijidudu vya salmonela. Mwanzoni mwa mwaka 1998, wakati kipindupindu kilipokuwa kikienea Afrika Mashariki, Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wabichi wa kwetu na wa jirani zetu. Kisha likaja baya zaidi. Baadhi ya wavuvi walianza kumwaga dawa za kuulia wadudu ziwani ili wavue bila jasho. Mwezi wa Machi 1999 Uganda yenyewe ilisimamisha uuzaji wa samaki nchi za nje, na Ulaya nayo ikafunga mlango. Mlango huo haukufunguliwa tena hadi katikati ya mwaka 2000.

Katika muda huo viwanda vilisimama, mitumbwi ikaanikwa ufukweni, na wachukuzi, wauza barafu na kina mama wa mialoni wakakosa riziki. Wachache walimwaga sumu, maelfu wakalala na njaa. Mlango ulifunguliwa kwa kazi ya ukaguzi: kanuni mpya za ubora wa samaki ziliwekwa, mialo ikatengenezwa sakafu za saruji na maji safi, viwanda vikaanza kuandika joto la samaki toka mwaloni hadi ndegeni, na wakaguzi wakapewa uwezo wa kuzuia mzigo wowote. Mwaka 2017 jeshi nalo liliingia ziwani kupambana na uvuvi haramu. Kwa hiyo askari mwenye kusoma makala hii na aelewe kuwa mkaguzi na yeye hulinda mali moja.

Samaki mzima si vigumu kumjua. Jicho lake hujaa na kung'aa. La samaki mbovu huzama na kuwa na ukungu. Mashavu yake ndani ni mekundu. Ya mbovu ni kahawia. Bonyeza nyama yake kwa kidole: ikirudi, mnunue, ikibaki shimo, mwache.

SUMU ISIYO NA HARUFU

Yako madhara ambayo jicho, pua na kidole haviwezi kuyagundua, na hapa mwanafunzi hufunzwa kutegemea maabara. Mahindi na karanga zilizovunwa zikiwa mbichi au kuhifadhiwa mahali penye unyevu huota ukungu, na ukungu huo huzaa sumu iitwayo aflatoksini. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2004, mashariki ya nchi jirani ya Kenya, katika sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo na 125 wakafariki. Kipimo cha Afrika Mashariki ni kwamba sumu hiyo isizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo kabla ya kuyaruhusu tena kwa masharti, na madereva wa malori walikwama mpakani na mizigo yao.

Mfano mwingine ni wa hapa kwetu. Mwezi wa Machi 2019, katika Karamoja na Isingiro, watu walianza kuchanganyikiwa akili, kukauka midomo na kupata homa kali baada ya kula uji wa msaada. Karibu watu 300 waliugua na watano wakafariki. Ugawaji ulisimamishwa, vielelezo vikapelekwa maabara, na ikagunduliwa kuwa unga ule ulikuwa na sumu ya mmea wa datura, gugu lenye maua meupe kama tarumbeta na matunda ya miiba, ambalo huota katikati ya soya shambani. Mbegu zake zikavunwa pamoja na soya. Hapakuwa na adui wala mchawi. Palikuwa na gugu ambalo halikung'olewa na mbegu ambazo hazikupepetwa.

Kuhusu vielelezo, wasomaji wetu polisi wataona jambo wanalolijua. Mwanafunzi hufunzwa kuchukua sampuli mbele ya mwenye mali na kuigawa mafungu matatu: moja hupewa mwenye mali, moja huenda maabara, na moja huhifadhiwa ili ubishi ukizuka mahakamani ipimwe tena. Kila fungu hufungwa, hupigwa lakiri, huandikwa tarehe, saa na jina la aliyelipokea. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, kesi huanguka, hata kama chakula kilikuwa sumu tupu. Sheria ya Afya ya Umma, ambayo asili yake ni ya mwaka 1935 na imerekebishwa hivi karibuni, humpa mkaguzi nguvu ya kuingia, kukagua na kuzuia. Lakini humtaka ajitambulishe kwanza na aandike alichokiona. Mwananchi ana haki kuuliza kitambulisho, na mkaguzi wa kweli hakasiriki akiulizwa.

KWA MAMA NA BABA WA NYUMBANI

Mkaguzi hawezi kusimama katika kila jiko. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kila mwaka watu milioni 600 huugua kwa chakula kisicho salama na 420,000 hufariki, na katika hao watoto walio chini ya miaka mitano ni 125,000. Wengi wangeokolewa kwa mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Basi tuyashike haya:

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula na baada ya kutoka chooni. Mwenye jipu au kidonda mkononi asipike wala asipakue.

2. Kisu na ubao wa nyama mbichi visiguse kachumbari wala chakula kilichoiva mpaka vioshwe kwa maji ya moto na sabuni.

3. Nyama iive hadi ndani, isibaki na damu. Joto la nyuzi 70 katikati ya chakula huua vijidudu karibu vyote. Maziwa yachemshwe, maana kifua kikuu cha ng'ombe hupita zaidi katika maziwa mabichi.

4. Chakula kilichopikwa kisilale nje. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 vijidudu huzaana upesi. Kisichoweza kuliwa katika muda wa saa mbili kiwekwe mahali pa baridi au kibaki motoni. Asiye na friji na apike kwa kipimo cha siku.

5. Kabla ya kuhifadhi mahindi, yapime kwa chumvi. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa sana, kisha uache kidogo itulie. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yaanike tena. Punje zilizoota ukungu zichaguliwe na kutupwa, wala asipewe kuku, kwa sababu sumu hurudi kwetu kwa njia nyingine.

6. Katika karamu za makambini, mkubwa wa jiko aandike kila chakula kilipikwa saa ngapi na nani. Karatasi moja yaweza kuokoa maisha, na yaweza kuokoa jina la mtu.

NENO LA MWISHO

Nilisema kwamba Bwana Afya wa baiskeli alimwokoa mama mgeni. Sikumaliza kisa. Baada ya kuona kwamba ugonjwa ulitoka katika kuku, aliwaomba kina mama wote waliochambua nyama wamwonyeshe mikono. Kidole cha shahada cha mmoja wao kilikuwa na jipu lenye usaha. Katika jipu la namna hiyo hukaa bakteria ambao, wakiingia katika chakula kilicho vuguvugu usiku kucha, hutoa sumu. Na sumu hiyo haiharibiki hata chakula kikipashwa moto asubuhi.

Mwanamke yule alikuwa mama yangu.

Bwana Afya hakutaja jina lake mbele ya watu. Alimfunga kidole kwa kitambaa safi, akazungumza na baba kwa faragha, kisha akawakusanya kina mama wote na kuwafundisha habari ya vidonda na habari ya chakula kilichopoa, kana kwamba kosa lile lingeweza kuwa la yeyote. Na kweli lingeweza. Mama mwenyewe ndiye aliyekwenda jioni ile kubisha hodi kwa yule jirani mgeni, akamwomba radhi, na tangu siku hiyo walikuwa wakitwanga karanga katika kinu kimoja.

Vijana mnaotafuta kazi ya kulijenga taifa, na wazazi mnaotafuta njia ya kuwaelekeza, tazameni upande huu. Ni kazi ya kuamka mapema, ya harufu mbaya na ya kulaumiwa, wala haina magwaride. Lakini kila jioni familia hukusanyika kuzunguka chungu, wakala, wakalala, wakaamka wazima, pasipo kumjua aliyesimama mlangoni kwa ajili yao. Kinga ni bora kuliko tiba. Kesho ukienda buchani, ndugu msomaji, utafute ule muhuri kabla ya kuitazama mizani.